Mikono Isiyo na Majina: Kutoka Kwihara hadi Westminster

Katika toleo lililopita mwenzetu mmoja alidai kwamba vitabu vya Waswahili waliosafiri kwenda Ulaya ni "fasihi ya kasumba", na kwamba vikiondolewa katika orodha ya vitabu vya kozi ya nathari ya Kiswahili hakuna kitakachopungua. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza, na nadhani ndiyo maana ilipendwa. Mtu anatoka huku kwetu, anafika kwenye mji mkuu wa wakubwa, anaonyeshwa kanisa, daraja, jumba la mfalme na sanamu ya jemadari, anapigwa na butwaa, anarudi, anaandika. Kilichoandikwa ni shukrani kwa mkoloni. Basi, yamekwisha. Mabwenini watu walicheka sana, na mhadhiri wetu mmoja akasema semina nzima haijasikia kweli tupu namna ile kwa muda mrefu.

Mimi nasema mwenzetu kasema nusu. Nusu ya pili ndiyo inayonifanya niandike, kwa sababu mtu akiifuata vizuri haimpeleki Ulaya moja kwa moja. Inampitisha kwanza Tabora.

Nianze na vitabu vyenyewe. Tunavyo vichache kuliko tunavyodhani. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha huko Göttingen mkusanyo uitwao *Safari za Wasuaheli*. Ndani yake yumo Selim bin Abakari, Mngazija aliyesafiri mwaka 1896 na bwana wake Bumiller, akapita Urusi hadi Siberia na nchi za Waislamu wa Asia ya Kati. Ndani ya jalada hilo hilo yumo Sleman bin Mwenye Tshande, ambaye safari yake ni ya bara, njia ya misafara, ya vitambaa na pembe. Baadaye, mwaka 1932, Sheldon Press ya London ilitoa *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza* cha Martin Kayamba. Kuna pia safari ya Sultan Barghash huko London mwaka 1875, ambayo kitabu chake kiliandikwa kwa Kiarabu na kuchapishwa huko huko London mwaka 1879. Hiyo naiacha, si kwa sababu haina maana bali lugha yake si yetu hapa.

Mwenzetu anavisoma vyote kama kitabu kimoja. Hapo ndipo penye kasoro ya kwanza. Mkusanyo wa Velten unatufundisha jambo ambalo mhakiki mwenye haraka hulipita: kwa watunzi wale neno *safari* lilikuwa moja tu, uwe unakwenda Ziwa Tanganyika au unakwenda Moscow. Fani ni ile ile. Mtu anatoka, anafika, analala, anaamka, anakuta watu, anauliza wanakula nini, mkubwa wao nani, wanaoana vipi, wanazikana vipi. Kiambishi *ka* kinasukuma sentensi kama mpagazi anavyosukumwa na ngoma ya kiongozi wa msafara. Selim anapofika kwa Wakalmuki na Wakirgizi huko Asia, jicho lake ni lile lile ambalo mwenzake wa pwani alimtazamia Mgogo au Mnyamwezi. Mtu anaweza kulilaumu jicho hilo (na kuna ya kulaumu, hasa dharau ya pwani kwa "washenzi" wa bara), lakini hawezi kusema ni jicho la mtu aliyepigwa butwaa. Butwaa halina mpangilio. Selim anao mpangilio, tena aliurithi kwenye njia ya misafara kabla hajaijua reli ya Urusi.

Kwa hiyo tukitaka kumhukumu Mswahili anayetazama majengo ya Ulaya, ni lazima tuulize kwanza njia ya misafara ilimfundisha kutazama nini.

Mimi nimekulia Tabora, mtaa wa Ng'ambo. Kwetu mahali pa kihistoria hapakuwa jambo la kufuatwa na basi la watalii. Palikuwa njiani tu. Miembe mirefu ya wakati wa misafara, boma la Wajerumani, reli iliyofika mwaka 1912, habari za Mtemi Isike aliyejilipua ndani ya ngome yake Januari 1893 ili asishikwe na Wajerumani akiwa hai. Halafu Kwihara, kilomita chache nje ya mji, penye tembe ambalo kila mtu analiita Tembe la Livingstone. Nyumba iliyopo leo imejengwa upya, ina paa bapa, kuta za udongo mwekundu na milango ya nakshi kama ya Unguja. Stanley alikaa hapo mwaka 1871, wakati Waarabu wa Tabora walipokuwa wakipigana na Mirambo, na wakapigwa. Februari 1872 alirudi hapo na Livingstone kutoka Ujiji. Mwezi Machi Stanley akaenda zake pwani, Livingstone akabaki akisubiri wapagazi hadi Agosti.

Nilipokwenda mara ya mwisho nilimkuta mzee mmoja kivulini, jirani wa pale. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kuona nyumba ya Mzungu?" Nikamwambia ndiyo, ila nataka kujua pia wapagazi walikuwa wanalala wapi. Akanitazama kidogo, akanyoosha mkono kuelekea kwenye vichaka na mashamba ya mihogo. "Huko kote," akasema. "Sasa huko utajengea nyumba gani ya makumbusho?"

Swali lile la mzee ni la uhakiki, wala si la mzaha. Jengo ni matini. Lina msimulizi, lina wahusika wakuu na wahusika wadogo, lina kilichosemwa na kilichofichwa. Tembe la Kwihara linasimulia hadithi ya watu wawili kukaa chumbani wakiandika barua. Lakini lile jambo lililoifanya Kwihara iunganishwe na London lilitendwa na watu wa kule vichakani.

Tarehe 14 Agosti 1872 walifika Kwihara watu 57 ambao Stanley aliwaajiri Unguja na kuwatuma kwa Livingstone. Miongoni mwao walikuwamo vijana waliosomeshwa Nassick, India, watumwa waliokombolewa. Mmoja aliitwa Jacob Wainwright, Myao kwa asili, anayejua kusoma na kuandika Kiingereza. Wakaondoka na mzee wao mwezi huo huo. Chuma na Susi walikuwa naye tangu miaka mingi nyuma. Mwanzoni mwa Mei 1873 Livingstone akafa kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Walimtoa moyo na matumbo wakayazika chini ya mti, mwili wakaukausha, wakaufunga, wakaubeba.

Mwezi Oktoba walifika Unyanyembe. Hapo walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Cameron akawashauri wamzike hapo hapo Tabora. Wakakataa. Naomba msomaji asimame kidogo hapa. Wanahistoria huupita mkasa huu kwa kusema "waaminifu wale". Mimi naona ni watu waliokuwa wameshaamua hadithi yao itaishia wapi, wakakataa kuhaririwa.

Na si hivyo tu. Mbele kidogo ya Unyanyembe, huko Kasekera, wenyeji walikataa maiti ipite katika nchi yao. Wapagazi wakatunga. Walichukua mabua ya mtama, wakayafunga sanda kama maiti, wakawapa watu sita wayarudishe Unyanyembe kwa heshima zote eti wakazike. Usiku wale sita wakayatupa porini, mmoja hapa mwingine pale, wakarudi kwa wenzao kwa kunyata. Maiti ya kweli ikafungwa upya kama mtumba wa nguo, ikapita mbele ya macho ya watu kama bidhaa ya biashara. Sasa niambie, ndugu yangu uliyesoma nadharia ya ubunilizi: hiyo ni nini kama si hadithi ya kubuni? Ina wahusika, ina mavazi, ina hadhira, ina taharuki. Tena imetungwa na wavujajasho wenyewe, njiani, bila kalamu. Sisi hapa tunatafuta chimbuko la hadithi ya Kiswahili kwenye vitabu vya wamisheni, wakati watu walikuwa wakiigiza tamthilia nzima kwa mabua ya mtama.

Lakini kalamu nayo ilikuwapo, au tuseme kisu. Kwa Chitambo, juu ya mti ule, Wainwright alichonga maandishi. Kipande cha gogo lile kilikatwa baadaye na kupelekwa London katika Shirika la Kifalme la Jiografia. Kina jina la Livingstone na tarehe 4 Mei 1873, kisha yanafuata majina matatu: Yazuza, Mniasere, Vchopere. Hao ni watu wa msafara. Aliyechonga alikuwa anaandika kaburi la Mzungu mkubwa, akaona kaburi halijakamilika bila majina ya waliokuwapo. Huo ni mtindo, si bahati mbaya. Kwetu anayezika hutajwa, ukimsimulia marehemu bila kuwataja waliomshika mkono, watu watauliza, "Kwani alikufa peke yake porini?"

Miaka michache iliyopita nilibahatika kwenda London kwa wiki mbili, safari ya wanafunzi. Fedha zilikuwa za kuhesabu. Wenzangu walitaka kuona kila kitu: mnara wa saa, daraja la Mto Thames, jumba la mfalme na askari wake wa kofia za manyoya. Nilikwenda nao, nikapiga picha, sikatai. Lakini pesa yangu ya kiingilio niliitunza kwa ajili ya Westminster Abbey, kwa sababu niliwaahidi nyumbani kwamba nitakwenda kumwona "mtu wetu wa Kwihara".

Kanisa lile ni zito. Mtu anatembea juu ya majina. Wafalme, majemadari, washairi, wanasayansi, wote chini ya viatu vya watalii. Livingstone yupo katikati ya sehemu kuu, si mbali na kaburi la Askari Asiyejulikana. Jiwe lake ni jeusi, herufi zake za kung'aa. Nikainama nikasoma. Linasema, kwa maneno yangu, kwamba alifikishwa hapo kwa mikono ya uaminifu kupitia nchi kavu na bahari. Kisha linamtaja yeye: mmisionari, msafiri, mfadhili wa watu, alizaliwa lini na wapi, alifia wapi. Kijiji cha Chitambo kimetajwa. Mahali pametajwa, tarehe zimetajwa, kazi zake zote zimetajwa.

Mikono haina majina.

Nitazame kama mhakiki, maana kama mtu wa Tabora nilishakasirika pale pale. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa. Mtenda ameletwa kwa kihusishi, na hata alipoletwa si mtu mzima, ni kiungo cha mwili. Tamathali hii tunaifundisha kidato cha tano: sehemu kuwakilisha kitu kizima. Mwalimu hutuambia inaleta mkazo. Hapa inaleta ufutaji. Mkono hauna kabila, haukusoma Nassick, haukukataa ushauri wa Luteni Cameron, haukutunga maiti ya mabua. Mkono ni mwaminifu tu, kama mkono unavyopaswa kuwa. Na kivumishi chenyewe, *uaminifu*, ni cha bwana kwa mtumishi. Hakuna anayesema Livingstone alikuwa mwaminifu kwa Susi.

Weka sasa jiwe hilo kando ya gogo la Chitambo. Ni matini mbili za kaburi la mtu mmoja. Moja imechongwa na Myao mwenye kisu, ina majina manne. Nyingine imechongwa na mafundi wa taifa lenye nguvu kuliko yote wakati ule, ina jina moja. Kifani, la pili limepigwa msasa likang'aa. Kimaudhui, la kwanza linajua zaidi. Na aibu ni kwamba yote mawili yapo London, mtu anaweza kutoka kwa moja akaenda kwa jingine kwa miguu ndani ya saa moja kama hana nauli. Nje ya jengo la Shirika la Jiografia nilimkuta Livingstone mwingine, wa sanamu, amesimama kwenye tundu la ukuta akitazama magari.

Wainwright mwenyewe alikuwapo siku ya mazishi, tarehe 18 Aprili 1874. Alikuwa mmoja wa wanane waliolisindikiza jeneza kwa kulishika. Yaani mkono wake ulikuwa pale, unaonekana, mbele ya umati. Chuma na Susi hawakuwahi. Waliletwa Uingereza baadaye mwaka huo huo kwa gharama za rafiki wa marehemu, wakakaa na Horace Waller wakimsimulia siku za mwisho. Kitabu kilichotoka, *The Last Journals*, kinawataja kwenye jina lake refu, kama watumishi waaminifu ambao habari zimepatikana kwao. Tazama tena: habari *zimepatikana kwao*. Wao ni kisima. Aliyeteka maji ndiye mwandishi. Nishani zilitengenezwa kwa ajili ya wabebaji wote, lakini zilipofika Unguja wengi walishatawanyika kutafuta riziki nyingine.

Kuna mgeni mwingine wa Tabora ambaye mwenzetu wa toleo lililopita hakumkumbuka, naye ndiye angemsaidia zaidi. Mwaka 1871 mfanyabiashara mmoja Mwarabu wa Unyanyembe alimpa Stanley zawadi ya mtoto. Mtoto alikuwa na jina lake, Stanley akalibadili akamwita Kalulu. Akampeleka London, akampiga picha, akamtia shule Wandsworth, akampeleka hata mazishini Westminster. Mwaka 1873 akatoa riwaya yenye jina la mtoto yule. Mwaka 1877 Kalulu akafa maji kwenye maporomoko ya Mto Kongo, katika safari nyingine ya bwana wake. Huyu hakutembelea vivutio vya mji mkuu. Yeye ndiye alikuwa kivutio. Watu walikwenda kumwona. Na hakutuachia mstari mmoja wa kalamu yake.

Ndiyo maana nasema tusimchezee Kayamba.

Mwaka 1931 watu watatu walitoka Tanganyika kwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Mtemi Makwaia wa Usiha, huko Shinyanga. Lwamgira wa Bukoba. Na Martin Kayamba, karani mkuu wa Tanga, mtu wa Kiungani, aliyekuwa ameanzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika mwaka 1922. Hawakwenda kutalii. Walikwenda kusema hatutaki kutiwa chini ya masetla wa Kenya. Kamati ile ikaamua kwamba muungano usifanywe wakati huo. Sisemi ni wao watatu peke yao walioiamua, kulikuwa na sababu nyingi, lakini walisema, na maneno yao yakaandikwa.

Sasa soma jina la kitabu polepole. *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza.* Mwenzetu aliishia kwenye *tulivyoona*. Ni kweli, kuna kuona kwingi, na kuona huko kuna sifa nyingi mno kwa Waingereza. Mtu wa leo anasoma mpaka anajisikia vibaya. Utii wa Kayamba kwa dola siutetei. Lakini jina lina vitenzi viwili. Cha pili ni *fanya*. Na vyote viwili vimebeba *tu-* mbele. Mtenda yupo. Hakuna kauli ya kutendwa, hakuna mikono. Toka Wainwright aliposhika jeneza mwaka 1874 hadi Makwaia aliposimama mbele ya kamati ni miaka 57, na Bunge na kanisa lile vinatazamana ng'ambo ya barabara. Katika miaka hiyo 57 mtu wa Unyamwezi, Usukuma na pwani alihama kutoka kwenye kihusishi akaingia kwenye kiima. Huwezi kuliita badiliko hilo kasumba halafu ukaendelea na chai yako.

Hata *-vyo-* ina kazi. Hakuandika *tulichoona*, kana kwamba Uingereza ni kitu kilichowekwa sahani. Ni *jinsi* walivyoona. Anakiri toka jaladani kwamba hii ni namna ya kutazama, yaani namna ya watu fulani. Wahakiki wa siku hizi wanatumia kurasa arobaini kusema jambo hilo hilo.

Lakini mimi si wakili wa Kayamba, na hoja yangu ina makali upande wake pia. Ile *tu-* ni ya nani? Walikwenda watatu, aliyeshika kalamu ni mmoja, msomi wa misheni, mjua Kiingereza, mkalimani. Makwaia alikuwa mtemi wa watu wengi kuliko wote waliowahi kufanya kazi ofisini kwa Kayamba. Yeye aliionaje London? Je, alipoona makaburi ya wafalme ndani ya kanisa, mtu ambaye kwao mtemi huzikwa kwa siri na miiko, alisema nini kwa Kisukuma usiku ule hotelini? Tunapewa wingi, lakini ni wingi wenye mdomo mmoja. Uhusiano wa Kayamba na watemi wale unafanana kuliko tunavyopenda na uhusiano wa Waller na akina Susi: mmoja anasimulia, mwingine anaandika, na kitabu kinabaki na jina la mwandishi. Tofauti ni kwamba Kayamba aliwaweka wenzake kwenye kiambishi. Ni kidogo. Ila ukitoka kwenye lile jiwe jeusi, kidogo hicho unakiona kikubwa.

Mtu ataniuliza: na Nyerere je? Alitoka kufundisha St. Mary's, Tabora, mwaka 1949 akaenda Edinburgh, mji mkuu wa Scotland. Katikati ya mji ule, kwenye bustani za barabara ya Princes, imesimama sanamu ya Livingstone. Lazima aliipita mara nyingi. Alirudi mwaka 1952 bila kitabu cha safari. Alichokuja kutupa baadaye ni *Juliasi Kaizari*. Wengine wanaleta picha za majengo. Yeye alibeba mtunzi wao akamfundisha Kiswahili. Lakini hilo ni somo la insha nyingine, na wapo hapa wanaolijua kuliko mimi.

Nirudi nyumbani. Mwaka 2006 njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, iliingizwa katika orodha ya mapendekezo ya urithi wa dunia ya UNESCO, na Kwihara ni mojawapo ya vituo vyake. Vizuri. Lakini kwa lugha gani? Tukiendelea kuliita Tembe la Livingstone na kumwonyesha mgeni kitanda alipolala Mzungu, tutakuwa tumelinakili lile jiwe la Westminster kwa udongo mwekundu. Wenyewe tutakuwa tumeiandika kauli ya kutendwa, bila kulazimishwa na mtu. Hapo ndipo ningependa mwenzetu aelekeze hasira zake dhidi ya kasumba, badala ya kumwandama karani aliyekufa zamani.

Jacob Wainwright alirudi Afrika. Hakupata cheo, alifanya kazi ndogondogo kwa wamisionari, na mwaka 1892 akafia Urambo, katika nchi ya Mirambo, magharibi ya Tabora. Mtu aliyeshika jeneza Westminster Abbey amelala kwetu. Nimepita Urambo kwa basi na kwa treni sijui mara ngapi, tumbaku zikinukia msimu wa mavuno, na sijawahi kuona jina lake barabarani.

Ameacha daftari. Aliandika kwa Kiingereza habari za msafara tangu Mei 1873 hadi Februari 1874, kutoka kwa Chitambo hadi pwani. Tafsiri ya Kijerumani ilichapishwa mwaka huo huo wa 1874, na daftari lenyewe limewekwa kwenye mtandao tangu mwaka 2019, mtu yeyote anaweza kulisoma. Napendekeza darasa letu la tafsiri lichukue kurasa zile za Unyanyembe hadi Kasekera kama kazi ya muhula. Ugumu utaanza mapema. Kiingereza cha mtu wa Nassick kina unyenyekevu wa shule, na mfasiri atashawishika kukiweka Kiswahili cha kanisani, *alichukuliwa*, *alibebwa*, *alifikishwa*. Mimi ningependekeza *tukambeba*, lakini kuna wenzangu wawili tayari wanabisha kwamba *ka* itaufanya msiba uende mbio mno, na kwamba *tulimbeba* ina uzito zaidi begani. Mwenye hoja ya tatu aiandike, toleo lijalo lina nafasi.